Bahari Chini ya Kifuniko

Mwalimu Shivachi alikuwa na mwezi wake. Si huu wetu unaomulika mabati ya Kawangware, bali mwingine mdogo unaozunguka ile sayari kubwa ya Mshtarii, na ambao hapana mtu mtaani aliyewahi kuuona. Jina lake Europa. Chombo cha Wamarekani kiliupitia mwaka wa sabini na tisa kikaupiga picha, na picha zikamfikia Shivachi baadaye kabisa, katika jarida lililochakaa alilolikuta kwenye maktaba ya mjini. Tangu siku hiyo waliokaa naye hawakuwa na raha. Ulimjulia hali asubuhi, na kabla hujamaliza kujibiwa umeshafikishwa Europa.

Alifundisha kemia katika shule ya upili ya harambee, shule ya mabati iliyojengwa kwa michango ya waumini na kuongozwa na kamati ya wazee wa kanisa. Maabara yake ilikuwa kabati moja lenye kufuli. Ndani mlikuwa na chupa za asidi, chumvi za rangi mbalimbali, taa ya spiriti na mirija michache ya kioo iliyosalia baada ya mingine kuvunjwa na watoto wa watu. Kwa kabati hilo alitakiwa kuwafaulisha vijana mtihani uleule waliofanya wenzao wa shule kubwa, wenye mabomba ya gesi na masinki. Ungedhani mtu wa namna hiyo angekosa nafasi ya kuhangaikia miezi ya mbali. Wapi. Kadiri kabati lilivyopungua vitu, ndivyo Europa ilivyozidi kumkaa kichwani.

"Mwezi mzima umefunikwa barafu," aliwaambia wanafunzi huku akichora duara ubaoni. "Hauna milima ya maana. Una nyufa tu, ndefu, za rangi ya kahawia. Sasa nyufa zinatoka wapi? Kuna wataalamu wanasema chini ya hiyo barafu kuna bahari. Wengine wanabisha. Lakini fikiria: Mshtarii inauvuta mwezi huku, miezi jirani inauvuta kule, unakandwa kama unga wa chapati, na kitu kikikandwa kinapata joto. Joto hilo linaweza kuzuia maji ya chini yasigande."

"Na jua, Mwalimu?" aliuliza Waithaka, kijana wa dawati la nyuma aliyependa kuuliza kuliko kusoma. "Huko chini si ni giza? Kitu kitaishi aje bila jua?"

Swali hilo Shivachi alilipenda kuliko mshahara. Akawaeleza kwamba miaka michache tu iliyopita wataalamu walishuka kwa chombo hadi sakafu ya bahari yetu hii ya duniani, mahali jua halijafika tangu kuumbwa, wakakuta chemchemi za moto zinazotapika maji yenye salfa inayonuka yai viza. Na pembeni mwa uvundo huo, minyoo mirefu na kome wamejaa tele, wananenepa. Chakula chao cha kwanza kinatokana na kemia ya yale maji, si jua. "Kwa hivyo usiniulize jua," alisema. "Niulize kemia. Kuna maji? Kuna joto? Kuna chumvi, kaboni, nitrojeni? Vikiwapo, mahali panafaa kuishi. Lakini andikeni hii: kufaa kuishi si kusema kuna anayeishi. Chumba kinaweza kuwa na kitanda na jiko, na kisiwe na mpangaji."

Wakaandika. Nyuma yake walimwita Mwalimu Barafu, naye alijua, na kusema kweli jina lilimpendeza.

Mtu pekee aliyemsikiliza bila kumcheka alikuwa dada yake mdogo, Kavetsa. Mume wake alikuwa amemkimbia akiwa na mtoto mchanga, wakabaki yeye na binti yake Kageha, na wakati huo walikuwa wakikaa Kibera, kule Makina, katika chumba cha uani kwa mama mmoja wa Kinubi. Kavetsa aliuza sukuma wiki soko la Toi. Mwenye nyumba alimshikia mtoto akiwa sokoni, akamfundisha hata kusema "salama" kabla hajajua kusema "maziwa". Maisha hayakuwa mabaya, ila maji. Maji ya Makina yalikuwa ya foleni na ya kununua, debe kwa debe, na siku bomba likikauka watu waliangaliana.

Shivachi ndiye aliyemhamisha. Alikuwa amepanga Kawangware kwa Mzee Naftaly Nderitu, mtu aliyerithi shamba kwa baba yake kabla mji haujalifikia, na mji ulipolifikia akalipanda vyumba vya mabati badala ya mahindi. Nderitu alikuwa mzee wa kanisa, tena mwenyekiti wa kamati ya shule, na mwaka ule wa themanini na tatu aliamua kuchimba kisima katikati ya wapangaji wake. Shivachi alisafiri hadi Toi kumshawishi dada yake. "Utafungua mlango, maji ndiyo haya," alimwambia. "Na mtoto atalelewa karibu na mjomba wake." Kavetsa akamuaga mama wa Kinubi, akafunga virago.

Kuhusu mahali kisima kilipochimbwa, ngoja niseme bila kuzunguka. Kila kona ya ploti ile ilikuwa imeshawekwa chumba, au ilikuwa imepangiwa chumba. Kona moja tu haikufaa kwa nyumba, ile ya bondeni inayolowa mvua ikinyesha, chini kidogo ya vyoo vya shimo. Hapo ndipo fundi alipoonyeshwa achimbe. Maji yalipatikana upesi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini yalikuwa karibu hivyo. Kisha mzee akamwaga zege juu, akatia kifuniko cha chuma chenye bawaba na kufuli, akakipaka rangi ya kijani. Kifuniko hicho kiliwaondolea watu wasiwasi. Kwa macho ya wapangaji, maji machafu ni yale ya wazi, ya mtaroni, yanayoingiwa na mbwa. Maji yaliyofunikwa na kufungwa kwa kufuli yatachafuliwa na nani? Walikipima kisima kwa kifuniko chake, na mwalimu wao, pamoja na elimu yake yote, alikipima hivyohivyo. Hapo ndipo pananiuma mimi, maana mtu huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia watoto kila siku kwamba jambo la maana liko chini ya ganda.

Nderitu alipanga kisima kifunguliwe Jumamosi moja baada ya mvua za masika, na siku hiyohiyo pawe na mchango wa kujenga maabara ya kweli, ya mawe, yenye sinki. Mawe yalikuwa yameshateremshwa karibu na shule. Shivachi alikwenda kuyagusa kila jioni kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyemnunua. Mzee alimwomba atoe hotuba juu ya maji ya mbinguni, ili watu wafurahi na mifuko ifunguke. Hakuna aliyewahi kumwomba Shivachi azungumze juu ya Europa. Kwa kawaida waliomba anyamaze. Roho yake ilijaa.

Akatengeneza onyesho. Angeweka mezani mirija mitatu: maji ya mvua, maji ya chumvi, na maji ya kisima kipya, haya ya tatu yakisimama mahali pa bahari ya Europa, kwa kuwa yametoka gizani chini ya kifuniko. Katika kila mrija angetia tone la asidi na matone ya pamanganeti, ile dawa ya rangi ya zambarau. Alitaka watu waone kwamba mtaalamu anaweza kuyahoji maji bila kumwona kiumbe. Maji yasiyo na masalio ya vitu hai huiacha rangi ile ikae. Yenye masalio, yenye uozo ambao ni chakula cha viumbe vidogo, huila rangi mpaka ikatoweka. Alitarajia mirija yote mitatu ibaki na rangi, kisha yeye aseme: ingekuwa Europa, na rangi ingetoweka, dunia nzima isingelala.

Alijaribu peke yake siku ya Alhamisi, darasani, wanafunzi wakiwa uwanjani. Maji ya mvua yakabaki zambarau. Ya chumvi yakabaki zambarau. Ya kisima yakageuka waridi hafifu, yakawa kahawia kidogo, kisha yakawa meupe kana kwamba hakutiwa kitu.

La kwanza lililomjia lilikuwa furaha, na hilo hakulisahau maisha yake yote. Alisema kwa sauti, peke yake, "Hii hapa bahari yangu." Giza lipo, kifuniko kipo, joto lipo, chumvi ipo, na chakula kipo. Mahali panafaa kuishi. Alikuwa ameshika mrija kwenye mwanga wa dirisha anatabasamu, ndipo tabasamu lilipoanza kumwisha lenyewe. Akafikiria vyoo vilivyo upande wa juu wa kisima. Akamfikiria Kageha, ambaye asubuhi ile alimwona akinywa kwa mikono yote miwili kutoka kwenye kopo la mama yake, kwa kuwa watu hawakungoja sherehe, mzee alishaanza kuwafungulia kutwa wachote. Akaosha mirija, akaenda kuteka maji mengine, akarudia. Rangi ikaliwa tena. Akajiambia huenda ni chuma, chuma nacho hula rangi. Lakini maji yale hayakuwa na ladha ya chuma wala hayakuacha kutu kwenye ndoo, na alilijua hilo vizuri.

Jioni hiyo alimfuata Mzee Nderitu nyumbani kwake. Mzee alimkaribisha kwenye kochi, akaagiza chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Ukimwona usingesema ni mtu mbaya. Mimi nadhani hakuwa mbaya. Alikuwa mtu ambaye kila jambo lilimjia likiwa limeshakubaliwa, na hakuwa amezoea njia nyingine.

"Mwalimu," alisema, "wewe umeona mdudu kwa hiyo maji?"

"Sijamwona, mzee. Hatuna darubini ya kumwona. Nimeona chakula chake."

"Chakula chake." Mzee akacheka kidogo, kwa upole. "Mjukuu wangu ako kwa class yako. Alinisomea kitabu yake hapa. Ati pahali kunaweza kuwa kuzuri kuishi na hakuna mtu anaishi. Ni wewe ulisema?"

"Ni mimi."

"Nilipenda hiyo maneno. Nikasema huyu mwalimu ako na akili. Sasa niambie, kwa hiyo mwezi yako wazungu wanangoja waone ndiyo waseme. Mbona kwa kisima yangu wewe hutaki kungoja uone?"

Shivachi akainamia chai yake. Jibu lilikuwapo, jepesi, hata Waithaka angelitoa: kule juu hakuna mtu anayekinga ndoo. Lakini lilimjia akiwa ameshafika barabarani, na hakurudi. Maana pale kochini mzee alikuwa amemuuliza swali lingine. "Ile mawe umeiona?" Akajibu kwamba ameiona. "Tunaanza kujenga mara moja. Na Jumamosi ni wewe utakunywa kikombe ya kwanza. Nimeshaambia pasta. Mtu wa kemia akikunywa, mama zetu watakuwa na amani."

Ndivyo mambo yalivyofanywa pale. Kitu chochote cha harambee lazima awepo mtu wa kukijaribu mbele ya watu. Kikiwa nyumba, mgeni atafungua mlango aingie kwanza. Kikiwa maji, atakunywa huku wote wakitazama, na baada ya hapo mjadala umekwisha. Heshima hiyo kwa kawaida ilikuwa ya chifu au ya mtu mwenye gari. Kupewa mwalimu mpangaji, mtoto wa mkoa wa Magharibi asiye na shamba hata la kuzikia kuku, lilikuwa jambo kubwa. Shivachi alilala akijihesabia haki. Masalio si mdudu. Kufaa si kuwa na mpangaji. Alikuwa na maneno mazuri sana ya kujilaza usingizi, na yote aliyatoa kwenye sayansi.

Jumamosi ikafika. Viti vya kanisa vilipangwa uani, akina mama wakaimba, mchungaji akaomba kwa kirefu. Mzee Nderitu akafungua kufuli, akainua kifuniko cha kijani, ndoo ikashuka ikapanda. Maji yalikuwa maangavu, hayana hata jani. Kikombe cha kaure kikajazwa, akapewa Shivachi kwa mikono miwili. Aliwaona wote kwa mara moja: wazee wa kamati mstari wa mbele, wanafunzi wake nyuma, na pembeni ya ukuta Kavetsa, amembeba Kageha mgongoni, amejaa fahari hata hawezi kuificha. Angeweza kusema neno moja. Angeweza kuushusha mkono tu. Akanywa kikombe chote, akakigeuza juu chini kuonyesha kimeisha. Makofi yakapigwa, na nyuma yake foleni ikapangwa.

Hotuba yake ilikuwa nzuri, wanasema. Mezani aliweka mirija miwili tu. Alieleza barafu, nyufa, bahari ya gizani na minyoo ya salfa, na kwa mara ya kwanza watu wazima wa Kawangware walinyamaza kumsikiliza. Mwishoni Waithaka akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tukienda huko tupasue hiyo barafu tukute maji, mtu anaweza kukunywa?"

Shivachi alitupa jicho mstari wa mbele. Nderitu alikuwa akimtazama kwa wema kabisa.

"Kwanza tungeyachemsha," alisema Shivachi.

Watu wakaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote. Hayo ndiyo maneno pekee ya onyo aliyoyatoa hadharani, na aliyatoa kama mzaha, kuhusu mwezi.

Baada ya hapo alijipangia utaratibu. Kila alfajiri aliwasha stovu ya mafuta ya taa ndani ya chumba chake, mlango umefungwa, akachemsha maji yake ya kunywa, akayapoza, akayatia kwenye chupa. Alifunga mlango kwa sababu ya aibu, maana jirani angeuliza. Shivachi alimwita Kavetsa kando, akamwambia, "Hayo maji ya mtoto uwe unayachemsha."

"Kwani yako na nini?"

"Hayana neno. Mtoto mdogo tu, tumbo lake bado laini."

Kavetsa akachemsha kwa muda. Kisha mafuta ya taa yakaadimika madukani, yakatosha kupikia chakula tu, naye alitoka alfajiri kwenda kuchukua mboga zake, akamwachia mtoto jirani ambaye hakujua habari za kuchemsha. Shivachi alimuuliza mara nyingine. Dada yake akacheka, akampiga begani. "Wewe Mwalimu una wasiwasi. Si ulikunywa mbele ya watu wote? Nilikuona." Shivachi akasema basi jitahidi. Siku mawe ya kwanza ya maabara yalipopangwa, alikuwa pale na fimbo ya kupimia, anamwonyesha fundi sinki itakaa wapi.

Kageha alianza kuharisha mwezi wa nane. Kwanza walidhani ni meno. Alipata homa, macho yakaingia ndani, akaacha hata kulia, akawa anawatazama tu. Walimpeleka hospitali, madaktari wakamhangaikia, wakamtundikia maji ya chumvi na sukari mshipani. Daktari aliuliza mtoto alikuwa akinywa maji gani. Kavetsa akajibu upesi, karibu kwa majivuno, "Ya kisima, daktari. Yamefunikwa." Shivachi alikuwa amesimama kando ya kitanda, akatazama sakafu. Mtoto alifariki kabla ya jioni.

Walimzika makaburi ya Lang'ata, kwa kuwa kumsafirisha nyumbani hawakuweza. Watu wa ploti walikuwa wema. Walileta majani ya chai, wakaketi na Kavetsa, wakamwimbia. Mzee Nderitu alifika mwenyewe, akavua kofia, akaomba. Kisha akasema maneno ya kufariji, kwa vile kila mtu alikuwa akijiuliza chanzo. "Ile Kibera ni pahali pabaya," alisema. "Mtu anatoka huko na ugonjwa kwa damu na hajui. Si kosa la mama. Ni vile tu mtoto alikuwa ameshabeba." Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Yalikuwa maelezo mazuri, hayamgusi yeyote aliyekuwa pale ila mmoja.

Mmoja huyo aliyapokea. Shivachi alimwona akiyapokea, siku baada ya siku, anavyoyabeba. Kavetsa akaanza kuhesabu makosa yake: kona gani ya Makina mtoto alichezea, kitu gani aliokota, siku gani alimwacha anyeshewe. Mwishowe alikuja chumbani kwa kaka yake mchana, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wewe umesoma," alisema. "Niambie ukweli. Ni mimi nilimletea kutoka Kibera?"

Nasema hivi kwa kumhurumia kidogo, si sana: hapo hakuweza tena. Alimwambia yote. Alimwambia rangi ilivyoliwa, mara mbili, alivyokwenda kwa mzee, mawe, kikombe. Alimweleza hata tofauti ya mahali panapofaa kuishi na mahali penye anayeishi, kana kwamba bado kulikuwa na hoja humo. Kavetsa hakulia. Alikuwa akitazama stovu pale chini.

"Wewe ulikuwa unachemsha?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akainuka akatoka.

Asubuhi Shivachi alitoka kabla ya foleni kukua, akasimama kando ya kifuniko cha kijani, akawaambia akina mama wasiteke. Aliwaeleza kwa ufasaha. Alitaja vyoo, mteremko, pamanganeti, uozo. Hakuna aliyemtukana. Walimwonea huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Pole, Mwalimu," alisema Ndinda, fundi wa cherehani wa chumba cha mwanzo, huku ndoo yake ikipanda. "Msiba ni kitu ngumu. Enda ulale kidogo." Mwingine akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikunywa, tena kikombe kizima. Mzee Nderitu, aliyekuja kukagua ujenzi, alisimama kwa mbali, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mwacheni," aliwaambia watu. "Amechanganyikiwa. Alipenda huyo mtoto sana." Ndoo zikaendelea kujaa.

Ndipo Kavetsa alipotoka chumbani kwa kaka yake ameshika sufuria. Alipita katikati ya foleni, akampa Ndinda.

"Angalia hii," alisema. "Angalia ndani."

Ndani ya sufuria mlikuwa na ukoko mweupe wa chumvi za maji, mgumu, umepanda pete juu ya pete hadi karibu na ukingo. Haukuwa na dalili ya ugali wala mafuta.

"Hii hapiki chakula. Ni maji tu. Ile kikombe moja mliona akikunywa, mimi pia niliona. Hiyo ingine yote amekuwa akichemshia hapa ndani, mlango imefungwa. Kila siku, tangu ile Jumamosi."

Sufuria ikapita mkono kwa mkono. Kila mwanamke aliukwaruza ukoko kwa ukucha, akaiangalia sura ya Shivachi, akampa mwenzake. Hakuna aliyeuliza habari ya pamanganeti. Mzee Nderitu alianza kusema jambo, hakuna aliyegeuka. Ndinda alikuwa wa kwanza kuinamisha ndoo yake. Maji yakamwagika kwenye zege, yakateremka hadi kwenye viatu vya mwalimu. Wa pili akamwaga, na wa tatu, bila kelele, kila mmoja akimzunguka Shivachi kama wanavyozunguka mtaro. Wa mwisho akamrudishia sufuria yake.

Kavetsa alikuwa ameshakunja godoro lake na kulifunga kamba. Alisimama mbele ya kaka yake kwa muda, akimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka walijuana wapi.

"Ungechemshia hapa nje tu, Shivachi," alisema. "Sisi tuone. Hata hukuhitaji kusema neno."

Kisha akajitwika godoro, akashika njia ya Makina.